Nyumba ya Mlimaji katika Toscana: Mawe Yake, Majina Yake, na Watu Waliokaa Humo

Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtu akitaka kujua desturi za taifa lisilo lake, yafaa aingie katika nyumba zao, tena asikilize majina wanayoyaita mambo ya nyumbani. Mara nyingi yale yasiyosemwa na mawe husemwa na majina, na yale yaliyosahauliwa na majina huonekana katika mawe. Katika habari hizi nataka kueleza nyumba ya namna moja, nayo ni nyumba ya mawe ya walimaji wa Toscana, nchi iliyo katikati ya Italia, ambayo miji yake mashuhuri ni Firenze, Siena na Pisa.

Nimeichagua nyumba hii kwa sababu siku hizi imekuwa bidhaa yenye kutafutwa. Watu wa Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Uswisi na Marekani husoma kwa hamu matangazo ya wauza nyumba, na matangazo yenyewe hufanana sana. Husema: hii ni nyumba ya kale ya shambani, ya mawe, imetengenezwa upya kwa uangalifu, boriti zake za asili zipo, sakafu ni ya matofali ya zamani, imekaa juu ya kilima, kati ya mizeituni na miberoshi, ina bwawa la kuogelea. Hayo yote huenda yakawa kweli. Lakini tangazo halisemi nyumba ilijengwa kwa ajili ya nani, wala alikaa humo kwa sharti gani, wala kwa nini aliondoka akaiacha tupu. Asiyejua hayo huona kuta tu, haoni nyumba.

MAJINA NA ASILI YAKE

Kwa Kiitalia nyumba hii huitwa "casa colonica", yaani nyumba ya "colono". Neno "colono" asili yake ni Kilatini, "colonus", maana yake mtu alimaye. Nalo latokana na "colere", kulima au kutunza. Katika neno hilo hilo Warumi walipata "colonia", mahali walikopelekwa watu ili wakae na kulima. Na katika "colonia" lugha za Ulaya zilipata neno lililotufikia sisi likawa "koloni", nasi tukaliambisha kwa desturi ya lugha yetu, tukapata "mkoloni" na "ukoloni".

Natazame msomaji safari ya neno hili. Kwetu mkoloni ni mtu aliyetoka mbali akatawala ardhi ya wengine. Katika Toscana colono ni kinyume chake kabisa: ni mtu wa papo hapo, aliyezaliwa juu ya ardhi ile, akailima siku zake zote, wala asiwe na hata shubiri moja iliyo mali yake. Shina ni moja, lakini tawi moja limeelekea upande wa bwana, na la pili upande wa mtumishi.

Shamba lenyewe liliitwa "podere". Neno hili katika Kiitalia cha kale ni sawa na kuweza, kuwa na nguvu juu ya kitu; baadaye likawa jina la milki, na mwisho likawa jina la shamba moja lenye nyumba yake. Basi shamba lilipewa jina kwa upande wa mwenye nguvu, na nyumba ikapewa jina kwa upande wa mwenye jembe. Na mapatano yaliyowaunganisha wawili hao yaliitwa "mezzadria", kutokana na "mezzo", yaani nusu, maana mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu.

Majina ya watu nayo yafaa yajulikane. Mwenye ardhi ni "padrone". Mashamba yake mengi, pengine kumi, pengine makumi kadhaa, yaliwekwa chini ya msimamizi mmoja aitwaye "fattore", yaani mtendaji. Katika kila nyumba palikuwa na mkubwa wa jamaa, "capoccia", jina litokanalo na kichwa. Ndiye aliyesema na fattore, akagawa kazi kwa ndugu zake na wanawe. Mkubwa wa wanawake aliitwa "massaia". Huyu alitawala meko, mkate, kuku na bustani ya mboga, na fedha ya mayai ilikuwa mkononi mwake.

JINSI MASHAMBA YALIVYOANZA

Hapo kale walimaji wa Toscana walikaa zaidi katika vijiji vidogo na ngome juu ya vilima, na vipande vyao vya ardhi vilitawanyika huku na huku. Tangu karne ya 13 matajiri wa Firenze na Siena, wafanya biashara ya sufu na ya fedha, walianza kununua vipande hivyo kimoja kimoja na kuviunganisha, hata vikawa mashamba kamili. Kila shamba lilipewa ngano yake, mizabibu yake, mizeituni yake, kipande cha msitu na malisho, ili jamaa moja iweze kupata humo karibu kila kitu. Kisha katikati ya shamba ikajengwa nyumba, ili mlimaji asipoteze muda njiani, tena awe mlinzi wa mazao usiku na mchana.

Kazi hii ilikuwa imekwisha enea sana wakati Firenze ilipoandika mali za watu wake wote kwa ajili ya kodi, mwaka 1427. Katika madaftari hayo, yaitwayo "Catasto", matajiri walieleza mashamba yao, nao walitofautisha nyumba za namna mbili: "casa da signore", nyumba ya bwana, na "casa da lavoratore", nyumba ya mfanya kazi. Hivyo hata wakati huo nyumba ya mlimaji ilihesabiwa kuwa kitu kimoja na shamba, kama vile kisima na mizeituni. Yeye mwenyewe alikuwamo ndani yake kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, na kukaa kumekwisha.

MAWE NA UJENZI

Nyumba ilijengwa kwa vitu vilivyokuwa karibu. Mahali penye jiwe la chokaa liitwalo "alberese" walijenga kwa jiwe hilo, nalo lilifaa mara mbili, maana lilijenga ukuta, na likichomwa katika tanuu lilitoa chokaa ya kuunganishia. Mahali pengine walitumia mawe ya mchanga. Na mabondeni, ambako mawe ni haba na udongo ni mwingi, walitumia matofali, au walichanganya matofali na mawe ya mtoni. Boriti zilikuwa za mwaloni au za mti wa "castagno", ambao ni mgumu na hauozi upesi. Juu ya boriti walilaza fito nene, na juu ya fito matofali membamba, na juu kabisa vigae vya namna mbili, kimoja bapa na kimoja cha mviringo, kila kimoja kikifunika ukingo wa mwenziwe.

Chini hapakuwa na chumba cha watu. Orofa ya chini ilikuwa ya maksai, na ya mapipa ya divai, na ya vyombo vya kulimia. Watu walikaa juu, wakipanda kwa ngazi ya mawe iliyokuwa mara nyingi nje ya ukuta. Wakifika juu huingia katika jiko kubwa lenye meko mapana, na katika jiko hilo milango ya vyumba vya kulala ilifunguka pande zote. Mpango huu ulikuwa na maana. Maksai walikuwa mali kubwa kuliko vitu vyote vya nyumbani, wakalindwa kama hazina. Na joto la miili yao lilipanda juu kupitia dari, likasaidia kuwapasha watu moto wakati wa baridi. Harufu ya zizi nayo ilipanda, lakini hiyo hawakuulizwa kama wanaipenda.

Juu ya paa mara nyingi paliinuka mnara mfupi wenye matundu madogo. Huo ni "colombaia", nyumba ya njiwa. Njiwa walitoa nyama, na mbolea yao ilithaminiwa mashambani. Nje palikuwa na "aia", uga uliotandazwa mawe au matofali, mahali pa kupuria ngano. Tanuu ya mkate. Banda la majani makavu. Zizi la nguruwe. Shimo la samadi. Na kisima au birika la maji ya mvua.

Mtu atazamaye nyumba hizi ataona kwamba nyingi hazikunyoka: upande mmoja ni mrefu, wa pili mfupi, paa zimepishana, na dirisha moja limezibwa kwa matofali. Wageni husifu jambo hili kama uzuri usiotazamiwa. Sababu yake ni hesabu ya midomo na mikono. Wana walipooa walileta wake zao humo humo, na jamaa ikawa ya watu kumi na watano au ishirini. Hapo chumba kiliongezwa, kwa idhini na gharama ya padrone, maana mlimaji hakuwa na amri ya kutoboa hata mlango. Kila chumba kilichoongezwa ni alama ya wana waliobaki kulima.

NYUMBA ZA PIETRO LEOPOLDO

Katika karne ya 18 watawala na wataalamu walianza kufikiri juu ya nyumba hizi kwa bidii. Mwaka 1753 ilianzishwa katika Firenze jumuiya ya wataalamu wa kilimo iitwayo Accademia dei Georgofili. Mwaka 1765 Pietro Leopoldo alianza kuitawala Toscana, akaitawala mpaka 1790, alipoondoka kwenda kuwa Kaisari. Naye alikuwa mtu wa kutengeneza mambo mengi. Wakati wake, mwaka 1770, Ferdinando Morozzi alitoa kitabu chake "Delle case de' contadini", yaani Juu ya nyumba za wakulima, akieleza jinsi nyumba hizo zifaavyo kujengwa kwa faida ya afya na ya kilimo.

Matunda ya fikira hizo yaonekana hasa katika Val di Chiana, bonde lililokuwa kinamasi chenye homa. Bonde hilo lilikaushwa kwa kazi ya miaka mingi, na mhandisi Vittorio Fossombroni aliiendeleza kwa njia ya kuiacha mito ilete udongo wake na kuujaza mahali palipo chini. Katika ardhi hiyo mpya zikajengwa nyumba za mpango mmoja: za mraba, zenye matao chini na matao juu, na nyumba ya njiwa katikati ya paa. Watu huziita mpaka leo "case leopoldine", kwa jina la mtawala yule. Hizi ndizo zilizokuwa kielelezo cha nyumba nzuri ya mlimaji. Lakini hata hizi mlimaji hakuzimiliki. Nyumba ilitengenezwa, mapatano hayakutengenezwa.

NUSU KWA NUSU

Mtu asikiapo kwamba mazao hugawanywa nusu kwa nusu hufikiri kwamba hayo ni mapatano ya haki, kama ndugu wawili wagawanyavyo mkate. Wako wataalamu waliofikiri hivyo. Sismondi, mtu wa Geneva aliyekaa miaka kadhaa shambani karibu na Pescia, aliandika kitabu juu ya kilimo cha Toscana mwaka 1801, akakisifu, kwa kuwa aliona mlimaji hafi njaa upesi, tena ana haja ya kuutunza udongo kama mali yake. Sifa hiyo si uongo mtupu. Jamaa nyingi zilikaa katika shamba moja vizazi kadhaa, zikaujua kila mti kwa jina.

Lakini nusu ilikuwa na mambo mengine nyuma yake. Kwanza, hesabu ziliandikwa na fattore katika kitabu kilichoitwa "libretto colonico", na walimaji wengi hawakujua kusoma. Mwaka wa mavuno haba deni liliandikwa, na mwaka wa mavuno mema deni lilikatwa; mara nyingi jamaa ilifanya kazi miaka mingi isione fedha taslimu. Pili, juu ya nusu palikuwa na wajibu mwingine: kuku na majogoo waliohasiwa kupelekwa kwa bwana siku za sikukuu, mayai wakati wa Pasaka, na wanawake kufua nguo za nyumba ya bwana. Tatu, ilipasa kumwomba padrone ruhusa kabla ya kijana kuoa, maana ndoa hubadili hesabu ya mikono na midomo.

Na juu ya yote hayo palikuwa na "disdetta", yaani ilani ya kuondoka. Mapatano yalikuwa ya mwaka, na padrone aliweza kuyakata. Jamaa ikipungukiwa na vijana, au ikizidi kwa watoto, au capoccia akijibu kwa ukali, ilani yaweza kuja. Na hapo watu huweka vitanda, vyungu na wazee juu ya gari la maksai, wakaenda kutafuta nyumba nyingine. Katika mikoa ya kaskazini, ambako siku ya kuhama ilikuwa ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hata leo watu husema "kufanya San Martino" kwa maana ya kuhama nyumba. Lugha imeitunza huzuni hiyo, ingawa wasemao wengi hawakuiona.

Hata hivyo nisiifanye nyumba ile kuwa kama gereza, maana haikuwa hivyo. Usiku wa baridi palikuwa na "veglia", yaani kukesha. Jirani walikuja wakakaa mbele ya meko. Wanawake walisokota nyuzi, wazee walisimulia hadithi, watu walisali rozari, na vijana walitazamana na binti za nyumba. Hadithi nyingi na nyimbo nyingi za Toscana zilitunzwa hivyo, mdomo kwa mdomo, bila kitabu. Na baada ya tarehe 8 Septemba 1943, Italia ilipofanya mapatano ya kuacha vita na Wajerumani wakaishika nchi, mateka wengi wa vita walikimbia kutoka makambini, wakafichwa na walimaji katika mabanda na vyumba vyao, ingawa adhabu yake yaweza kuwa kifo. Iris Origo, mwenye mashamba katika Val d'Orcia, aliandika habari za siku hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1947. Watu wasio na nyumba yao wenyewe waliwakaribisha wasio na nyumba kabisa.

JINSI WALIVYOONDOKA

Baada ya vita vile walimaji walidai haki yao kwa nguvu kuliko zamani. Mwaka 1947 yalifanywa mapatano, yakathibitishwa kwa sheria mwaka 1948, kwamba fungu la mlimaji liwe 53 katika 100. Mwaka 1964 sheria nyingine ikaliongeza likawa 58, tena ikakataza kufanya mapatano mapya ya mezzadria. Na mwaka 1982 sheria ikaruhusu yale yaliyosalia yageuzwe kuwa ya kupanga kwa kodi. Hivyo mapatano yaliyodumu zaidi ya miaka mia sita yakaisha kwa karatasi chache.

Lakini watu walikuwa wameanza kuondoka kabla sheria haijawatangulia. Mwaka 1951 watu zaidi ya 40 katika kila 100 wa wafanya kazi wa Italia walikuwa katika kilimo. Mwaka 1971 hawakuzidi 18. Mashine za kufuma za Prato ziliwaita, na viwanda vya Pontedera vilivyotengeneza pikipiki ziitwazo Vespa tangu 1946, na kazi za ujenzi wa Firenze. Mwezi wa Februari 1956 baridi kali iliua mizeituni mingi sana, na wengi waliokuwa wakisitasita wakakata shauri. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme wala maji ya bomba; choo kilikuwa nje, na maji yaliletwa na wanawake kutoka kisimani. Yasimuliwa kwamba binti za wakulima ndio waliokuwa wa kwanza kukataa, wakasema hawataolewa na mtu wa shambani.

Hapa yafaa kusema kweli. Wengi hawakulia walipoifunga milango ya nyumba zile. Walifurahi. Chumba kidogo mjini, chenye bomba na taa na mshahara wa mwezi, kilikuwa kwao ukombozi kuliko orofa mbili za mawe juu ya kilima. Nao walipoondoka walichukua vitanda na sufuria, wakaacha meko na maneno. Watoto wao hawakujua tena jina la kila kipande cha shamba, wala majina ya vyombo vya ng'ombe.

Mashamba mengine yalichukuliwa na wachungaji wa Sardegna, waliokuja na kondoo zao katika vilima vya Siena na Volterra, wakakaa mahali walipotoka walimaji. Nyumba nyingine ziliachwa. Paa likitoboka, mvua huingia. Boriti ikioza, dari huanguka. Na nyumba iliyosimama miaka mia tatu huanguka katika ishirini.

NYUMBA YAUZWA

Mwaka 1965 ilitolewa sheria yenye neno jema: shamba likiuzwa, mtu alimaye shamba hilo apewe nafasi ya kwanza ya kulinunua, kwa bei ile ile, na serikali ikaweka mikopo ya kulipwa kwa miaka 40 kwa faida ya 1 katika 100. Kwa njia hiyo colono aliweza kumiliki casa colonica. Wako waliofanya hivyo, na jamaa zao wangali wakilima mpaka leo. Lakini kwa wengi neno hilo lilichelewa. Walikuwa wamekwisha fika mjini.

Wakaja wanunuzi wengine. Tangu miaka ya 1960 watu wa mijini na wa nchi za kaskazini walianza kununua nyumba zilizoachwa kwa bei ndogo, na Waingereza wakawa wengi katika vilima vya Chianti hata wenzao wakapaita mahali hapo Chiantishire kwa mzaha, kama kwamba ni jimbo la kwao. Mwaka 1985 sheria ikaruhusu wakulima kupokea wageni kwa malipo katika mashamba yao, desturi iitwayo "agriturismo", na nyumba nyingi zikatengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 bonde la Val d'Orcia likaandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Bei zikapanda, na nyumba ya mtu maskini ikawa haiwezi kununuliwa ila na tajiri.

Sisi husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Toscana mgeni alikuja, lakini mwenyeji alikuwa amekwisha ondoka; aliyepona ni nyumba. Na kuponya nyumba si jambo dogo. Bila fedha za wageni hao kuta nyingi zingekuwa marundo ya mawe, na hata leo katika Val di Chiana msafiri aona nyumba za Pietro Leopoldo zilizobomoka zikiota miti ndani yake. Basi simlaumu anunuaye wala auzaye.

Neno langu ni juu ya namna ya kutengeneza. Zizi la maksai limekuwa sebule, na hori la majani limekuwa mahali pa kuwekea vitabu. Chumba cha mapipa kimekuwa chumba cha kulia. Matao yamefungwa kwa kioo. Aia imekuwa bustani. Matundu ya njiwa yamezibwa, na mnara umekuwa chumba cha kulala cha mgeni. Tena chokaa iliyopakwa juu ya kuta hukwanguliwa ili mawe yaonekane, kwa kuwa mnunuzi hupenda kuona mawe. Lakini nyumba nyingi zilikuwa zimepakwa chokaa tangu zamani ili kuzuia mvua na unyevu, nao waliokaa humo wangeshangaa kuona ukuta umeachwa uchi kwa makusudi. Hivyo hutokea kwamba nyumba iliyotengenezwa ifanane na ya kale haifanani na ile iliyokuwako, bali yafanana na ndoto ya mtu wa mjini.

Mtu mwenye kujua aweza bado kuisoma. Akiona pete ya chuma ukutani sebuleni, ajue hapo alifungwa maksai. Akiona nyufa mbili zilizonyoka ukutani, ajue hapo chumba kiliongezwa, na kijana alioa. Akiona jiwe la kizingiti limelika katikati, ajue lililiwa na viatu vya watu ambao majina yao hayamo katika hati yo yote ya mauzo, maana katika hati lilikuwamo jina la padrone peke yake.

Na hata sasa sheria haijamsahau mlimaji kabisa. Mtu akinunua nyumba pamoja na ardhi yake ya kilimo, lazima itazamwe kwanza kama yuko alimaye shamba lile kwa mapatano halali, au jirani mkulima aliyepakana nalo, maana hao wana haki ya kununua kabla ya mgeni. Haki ya jirani iliongezwa mwaka 1971. Wanunuzi wengi huona jambo hili kuwa usumbufu wa karatasi. Mimi naona ni sauti ya colono ikisikika katika chumba ambamo hakualikwa.

Basi jina la nyumba lisibadilishwe. Wauzaji wengine sasa hupenda kuandika "villa" au jina lingine la kupendeza mahali pa casa colonica, wakidhani kwamba wanaiheshimu. Lakini villa ilikuwa nyumba ya bwana. Jina la casa colonica ni fupi, nalo lasema kweli yote: ilijengwa kwa ajili ya mtu alimaye, ikaitwa yake, wala haikuwa yake.